Aje Kwangu

Rebeka alikuwa bado nje, ufunguo mkononi na mtoto mgongoni, aliposikia mtu akibisha hodi kutokea ndani ya nyumba yake.

"Hodi," sauti ilisema taratibu, kama ya mgeni mwenye adabu.

Alidhani ni mumewe, Mwigulu, anamtania. Akafungua. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na harufu tu, na haikuwa ile ya pumba za mpunga zinazoungua ambayo mji mzima wa Kagongwa umeizoea. Ilikuwa harufu ya mwamba uliotoka kuchorongwa, wa baridi, wenye maji ambayo hayajawahi kuona jua. Katikati ya sebule kuku wake wote walikuwa wamelazwa kwa mstari, shingo zimesokotwa, kama zawadi ambayo mgeni humletea mwenyeji wake.

"Ni kicheche," Mwigulu alisema aliporudi.

"Kicheche anapanga kuku kwa mstari, Baba Klara?"

"Basi ni kicheche aliyesoma."

Mchana uliofuata Mwigulu hakutania tena. Alikuwa anakula ugali wakati kitu kilipomshika shingo, kikamwinua mpaka kichwa kikagonga bati, kikamtupa ukutani, kikamfuata pale pale alipoangukia na kumkunja mkono wa kulia kwenda nyuma, polepole, bila haraka yoyote, mpaka mfupa ukalia kama kuni kavu, naye damu ikimtoka puani anauliza kwa sauti ndogo, "Nani kakuleta? Nani kakuita humu?"

Aliyejibu ni Klara, mtoto wao, ambaye hata kuomba maji alikuwa hajajua. Alijibu kwa Kisukuma cha zamani, kwa sauti nzito ya mtu mzima.

"Nimekaribishwa na mwenye nyumba."

Kisha vidole visivyoonekana vikambana koo. Ngozi ikabonyea, macho yakamtoka. Rebeka alimnyakua akakimbia naye nje, vidole vikaachia, lakini kila alikoelekea harufu ya mwamba ilikuwa imeshatangulia.

Alikimbilia kwa Bibi Nyamizi, mganga wa kijiji ambako kampuni ya madini aliyoifanyia kazi ilikuwa inachoronga mwamba. Mvua ilikuwa imewalowesha. Bibi alimvua mtoto nguo mbichi, akamfunika kwa khanga yake mwenyewe, ndipo akauliza.

"Unakumbuka siku ya mkutano?"

Rebeka alikumbuka. Kazi yake katika kampuni ile ya kigeni ilikuwa kukaa katikati: Wazungu wakisema awaambie wanakijiji, wanakijiji wakisema awaambie Wazungu. Siku ile Bibi Nyamizi alionya kwamba kilima kina mwenyewe. Meneja, Henrik, alicheka kwa upole, akajibu kwa Kiingereza. Na mkalimani amefundishwa asiseme "anasema". Husema "mimi", kana kwamba maneno ni yake. Hivyo Rebeka alisimama mbele ya kilima akatamka kwa Kisukuma: "Mwenye kilima akikosa pa kukaa, aje kwangu. Nyumba yangu ina nafasi."

"Yale yalikuwa maneno ya Henrik, bibi."

"Hilo jini linajua Kizungu, mwanangu? Limesikia mdomo wako. Limekufuata wewe."

"Nilifukuze vipi?"

"Mgeni uliyemkaribisha humfukuzi. Anahama tu. Mwenye maneno ayaseme kwa mdomo wake, kwa Kisukuma. La sivyo huyu mtoto haioni Jumapili."

Rebeka aliiona njia rahisi. Kila asubuhi Henrik alimwomba neno jipya la Kisukuma, akaliandika kiganjani kwa kalamu kama mtoto wa shule. Angeweza kumwambia kwamba maneno yale ni salamu. Lakini huyu ndiye aliyeendesha gari kwenye tope mpaka Kahama siku uchungu wa kujifungua ulipomshika Rebeka, akasimama mlangoni mwa wodi amekumbatia mfuko wa nguo za mtoto mpaka Mwigulu alipofika. Hakuweza. Alimwendea ofisini, akamweleza yote, akamwonyesha alama za vidole shingoni mwa Klara.

Henrik alizigusa kwa ncha ya kidole.

"Maneno yangu," alisema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Wewe beba tu. Fundisha mimi."

"Bosi, hili si mzaha. Litakuumiza."

"Mtoto dogo. Mimi kubwa. Fundisha."

Alimfundisha neno moja moja, machozi yakimdondokea Klara utosini. Henrik alipolitamka la mwisho, harufu ya mwamba ikajaa chumba kizima, na kichwa chake kikapigizwa mezani, kikainuliwa, kikapigizwa tena mpaka meno yakatawanyika juu ya ramani za kilima, kisha akasimama wima na damu yote ile, akamshika Masudi dereva aliyekimbilia kumsaidia, akamvunja vidole kimoja baada ya kingine huku akimsalimia kwa Kisukuma safi ambacho hakuna aliyemfundisha, na kioo cha dirisha kikapasuka kikaingia ndani kama mvua.

Klara alipiga chafya. Kisha akalia, kwa sauti yake mwenyewe.

Hospitalini Henrik alifungwa kitandani kwa mikanda. Kiingereza hakikumtoka tena, hivyo Rebeka aliitwa atafsiri. Ritha, bosi kutoka ofisi ya Dar, alikuwa hewani kwenye simu.

Kinywa kisicho na meno kilitabasamu. "Nyumba hii inavuja," kilisema kwa Kisukuma. "Ile yako ilikuwa nzuri. Watafsirie: mimi nataka kurudi kwa Rebeka, mlango uko wazi."

"Anasemaje?" Ritha aliuliza.

Rebeka alifungua mdomo. Neno "mimi" lilikuwa tayari juu ya ulimi, kama siku zote za kazi yake.

"Anasema," alijibu, "anasema anataka kurudi. Yeye ndiye anayesema."

Mkanda mmoja ulikatika. Mkono ukamfikia koo, ukabana mpaka akaona giza, halafu vidole vikalegea. Kutoka chini kabisa ya mwili ule ikaja sauti nyingine, ya Henrik mwenyewe, ya Kiingereza, nyembamba kiasi cha kutofika kwenye simu. Iliuliza kama mtoto amekula.

"Amekula," Rebeka alimnong'oneza kwa Kiingereza. "Amemaliza uji wote."

"Na hapo amesema nini?" Ritha aliuliza.

Hilo Rebeka hakulitafsiri.