Kikombe chenye Uzi Mwekundu

Bibi alikuwa fundi cherehani. Asubuhi hiyo alimaliza kushona kigauni cha mjukuu wake. Mikono yake ilikuwa imejaa madoa meupe, yaliyoanza mwaka jana.

Mke wa mwanawe, mama mtoto, alikipokea kigauni kwa ncha za vidole.

"Asante, mama."

Akaenda jikoni, akakichemsha kabla ya kumvika mtoto.

Kikombe cha bibi nacho kilitundikwa peke yake kwenye msumari wa pembeni ukutani. Mama mtoto alikifunga uzi mwekundu ili kisichanganyike na vingine. Uzi wenyewe aliutoa kwenye cherehani ya bibi huyo huyo! Mtoto alikuwa na miezi mitatu, na bibi yake alikuwa hajampakata hata mara moja. Bibi aliyaona yote, akaendelea kushona. Ilimuuma sana.

Siku hiyo muuguzi wa mtaa alikuja kumpima mtoto uzito. Alipofika jikoni akakiona kikombe.

"Hiki cha nani?"

"Cha mama," mama mtoto alijibu kwa sauti ya chini. "Daktari alisema madoa yake hayaambukizi. Lakini dada, nikiiona ile mikono mwili unanisisimka. Namwogopea mwanangu."

"Daktari alisema kweli. Ngozi imepoteza rangi tu. Huwezi kuambukizwa kwa kikombe, wala nguo, wala kushikana."

"Sasa mbona naogopa?"

"Watu wa kale hawakuwa na daktari. Aliyekimbia kila kilichofanana na ugonjwa alipona, akalea watoto. Woga huo tumeurithi sote, na mwenye mtoto mchanga unamzidi. Ila hauchagui. Ukiona doa lolote, woga huo unapiga kelele."

"Kumbe sina roho mbaya?"

"Kushtuka si kosa, mdogo wangu. Lakini ukishajua ukweli, ukaendelea kumtenga mtu, hilo ni lako."

Mama mtoto alilia kwa aibu. Kisha akaukata ule uzi, akamimina chai kwenye kikombe kile, akanywa. Akambeba mtoto hadi kwenye cherehani.

"Nisamehe, mama. Mshike mjukuu wako."

Mwili ulimsisimka bado, lakini hakurudi nyuma.

Bibi alianza kujifuta mikono kwenye gauni. Alifuta, akafuta tena.

"Usijifute, mama. Mikono yako ni safi."

Leo kwenye ule msumari wa pembeni imetundikwa kofia ya mtoto. Bibi ndiye aliyeishona, na mama mtoto humvalisha mwanawe bila kuichemsha.