Wa Nyumbani, Nishikie

Jua lilikuwa linazama Mama Boksi alipoegesha pikipiki yake mbele ya banda la Fundi Grisi, akashuka akiutikisa mkono wa kulia kama mtu aliyeungua.

Mama Boksi ni jina alilopewa na watu wa mtaani, kwa ajili ya lile boksi jeupe lililofungwa nyuma ya kiti. Humo alibeba damu. Usishtuke, ni damu ya kupimwa, kwenye vichupa vidogo, akiikusanya zahanati za mbali na kuifikisha hospitali kubwa kabla haijaharibika. Pikipiki yenyewe ilikuwa ya marehemu mumewe. Ililetwa nyumbani bila mwenyewe, imevunjika taa ya mbele tu, na yeye akaona bora aipande kuliko kukaa anaitazama.

"Fundi, mkono unakufa huu," alisema. "Nikishika resi kwa muda, vidole sivisikii kabisa. Juzi nimefika hospitali nikashindwa kufungua hata kifungo cha koti."

"Umeanza uzee kabla ya wenzio," fundi akacheka. "Bosi wako anajua?"

"Ajue anifukuze? Hebu nyamaza na wewe."

Fundi Grisi alikuwa na mdomo siku zote, hata umwambie vipi. Jioni ile alinyamaza kweli. Akavuta droo, akatoa kitu kilichoviringishwa kitambaa. Kibano cha chuma, mfano wa bangili iliyokatwa, na pembeni kina kijimkono kifupi. Akakivisha kwenye mshikio wa resi, kikakaa kama kilizaliwa hapo.

"Ukifika barabara iliyonyooka," alieleza, "vuta resi unayoitaka, halafu kisukume kwa dole gumba mpaka kijimkono kiegemee mpini wa breki. Resi inabaki pale pale. Unaachia, unapumzisha mkono. Ukitaka kupunguza, rudisha mshikio, chenyewe kinalegea. Mjini usikitumie. Kwenye kona usikitumie. Na mkono usiupeleke mbali."

"Kumbe vipo vitu kama hivi! Umekitoa wapi?"

Fundi akaanza kujifuta mikono. Alijifuta muda mrefu, na mikono ilikuwa imeshakauka.

"Kililetwa."

"Na nani?"

"Dada, giza linaingia. Nenda."

Alikwenda. Lakini lile neno likamganda shingoni kama jasho. *Kililetwa.*

Sasa, nyumba aliyoolewa ilikuwa na mazoea yake. Mtu akielemewa na mzigo, liwe sufuria la moto au ndoo iliyojaa, husema, "Wa nyumbani, nishikie!" Aliye karibu, hata kama mmenuniana, atashika. Ukiwa tayari kuchukua mzigo wako unasema, "Nimepokea." Usiposema, mwenzio haachii, atasimama hapo hapo kakushikia mpaka useme. Mama Boksi aliwakuta hivyo, akawacheka, kisha mdomo wake nao ukazoea.

Barabara ya kwenda hospitali ikinyooka, inanyooka kama uzi. Upande huu vichaka, upande ule vichaka, katikati lami na upepo. Vidole vilikuwa vimeshaanza kufa. Akavuta resi. Akakisukuma kibano kwa dole gumba.

"Haya," alisema kwa mzaha, maana alikuwa peke yake. "Wa nyumbani, nishikie."

Akaachia.

Pikipiki ikaenda. Laini, haikatiki. Jamani, raha! Aliukunjua mkono, akaukunja, akauweka kwapani upate joto. Damu ikarudi vidoleni ikimchomachoma, na yeye akacheka peke yake njiani kama mwendawazimu.

Taa za mji zilipotokea akaurudisha mkono kwenye mshikio.

Mshikio ulikuwa na joto.

Upepo ule wote ulikuwa unaupiga, na mpira wa mshikio ulikuwa wa moto na unyevunyevu, kama kiti alichoinuka mtu sasa hivi. Akaunusa mkono wake. Kafuri. Dawa ya kuchua.

Nyumbani kwake dawa ile alijipaka mtu mmoja tu.

Alipofika nyumbani, wifi yake alikuwa bado kwenye cherehani, anashona sare za shule za watu. Mama mkwe amelala kwenye kiti chake, na mtoto wa Mama Boksi, wa miezi minane, kamlalia kifuani. Kila siku mtoto alishinda na bibi yake. Angeshinda na nani mwingine?

"Wifi, leo umekosa sinema," wifi alinong'ona, uzi mdomoni. "Mama kalala kwenye magharibi, nimemwita mpaka basi. Na mkono wake hivi..." Akakunja ngumi ya kulia, akaipinda kiwiko kikiwa chini. "Kama anakamua nguo. Nikasema, huyu anaota anafua, ngoja nimwongezee mashuka!"

Wifi akacheka. Mama Boksi hakucheka. Mpindo ule aliujua. Anayekamua nguo hapindi hivyo.

Akasogea kumchukua mtoto. Mkono wa mama mkwe ulikuwa umeangukia pajani, kiganja juu. Kilikuwa cheusi. Weusi wa mpira, wenye vimistari vyembamba, mstari kando ya mstari.

Mama mkwe akafumbua macho.

"Leo umewahi," alisema taratibu. "Barabara ilikuwa nzuri?"

Usingizi haukuja. Mama Boksi alilala ubavu, mtoto kifuani pake, akiyakumbuka maneno aliyotupiwa siku ya msiba mbele ya watu: "Pikipiki imerudi, mwanangu hajarudi, na huyu bado anakula." Tangu siku hiyo mama mkwe hakuwahi kulirudia neno hilo. Akawa mpole. Akawa anamwogesha mtoto, anamwimbia, anamtafunia ndizi. Upole ule Mama Boksi alikuwa ameushukuru. Sasa aliugeuza huku na huku, kama mtu anayekagua samaki sokoni asijue kama ni wa leo.

Asubuhi alipitia kwa fundi.

"Ni mama mkwe ndiye aliyekileta?"

Fundi Grisi akatazama spana zake. "Alikuja kwa miguu. Bibi asiyefika hata kisimani, kaja mpaka hapa kwa miguu! Kaniambia, mfungie mwanangu, mkono unamuuma. Sasa mimi nikatae?"

"Nilimwambia nani kwamba mkono unaniuma? Nimekwambia wewe tu, tena jana!"

"Ndiyo maana sikutaka kukueleza," fundi akasema, sauti imemshuka. "Yeye alikuja wiki iliyopita."

Basi akaamua kujaribu. Kabla hajaondoka alimvuta wifi nyuma ya nyumba.

"Leo jua likizama, mama akisinzia, mtoe mtoto. Halafu mwamshe."

"Nimwamshe vipi? Jana nimeshindwa."

"Maji ya baridi usoni."

"Wifi! Unataka nilaaniwe mimi?"

"Nisaidie hili moja. Sitakuomba lingine."

Jioni ikafika. Boksi limejaa, barabara imenyooka, anga linageuka jekundu. Akavuta resi, akakisukuma kibano. Safari hii hakusema neno lolote. Akauinua mkono, akauacha hewani juu ya mshikio, umbali wa kiganja.

Joto likapanda kumgusa.

Kafuri ikamjaa puani, ndani ya kofia.

Akautazama mshikio. Kwenye mwinuko ulizunguka wenyewe, ukaongeza. Mteremko ulipoanza, ukarudi, ukapunguza. Taratibu. Kwa adabu. Kuliko hata alivyokuwa akiendesha marehemu mumewe.

Jua likazama.

Mshikio ukatetemeka.

Halafu ukapindwa mpaka mwisho!

Injini ikalia. Pikipiki ikaruka mbele kama iliyochapwa, mwili wake ukabaki nyuma, mkono wa kushoto ndio uliomwokoa asianguke. Akaukamata mshikio kwa mkono wa kulia, akaurudisha. Haukurudi. Ulikuwa umeshikwa. Alisikia vidole vyake vimelala juu ya vidole vingine, vikavu, vyenye mifupa, na hakuna alichokiona ila mpira na chuma.

Mbele yake kitu cheusi kilikuwa kimeziba barabara.

Lori. Limeharibika, halina taa.

"Niachie!" alipiga kelele. "Mama, niachie!"

Akabamiza swichi ya kuzima. Akakanyaga breki. Tairi la nyuma likaserereka, boksi likagonga mgongo wake, na pikipiki ikalala ubavu vumbini. Alipoinua kichwa, bomba la lori lilikuwa juu ya uso wake, linadondosha mafuta. Tone... tone...

Alifikisha damu ile hospitali, msiniulize vipi. Kisha akaenda nyumbani, suruali imechanika goti.

Wifi alikuwa mlangoni, analia. "Nilimwagia maji kama ulivyosema. Akashtuka, akakaza ngumi hiyo, akapiga ukelele... wifi, alipiga ukelele wa kiume!"

Mama mkwe alikuwa ndani, kichwa bado kibichi. Mkono wa kulia ameukumbatia. Mtoto alikuwa mkekani anachezea kifuniko.

"Ulitaka kuniua," Mama Boksi alisema.

"Mimi?" Mama mkwe hakupaza sauti. "Mimi nilikuwa nimeshika. Mtu akimwagiwa maji usingizini anafanyaje? Hakazi?"

"Nani alikuomba?"

"Wewe. Umeita wa nyumbani. Mimi si wa nyumbani? Na hujapokea. Tangu jana hujapokea, mkono wangu umekwisha."

Mama Boksi akakumbuka taa za mji, na yeye akiurudisha mkono kimya kimya.

"Na kibano je? Ulikipeleka kwa fundi kabla sijamwambia mtu yeyote."

"Kile ni chuma tu. Nilitaka upate pa kuniitia." Mama mkwe akaukumbatia zaidi mkono wake. "Marehemu naye nilimshikia. Barabara zote zile ndefu, unafikiri alikuwa peke yake? Mpaka siku ile mtu aliponitikisa usingizini, eti chumvi iko wapi."

Cherehani ya wifi ikatoa mlio mmoja, kama inayopoa.

Aliyemtikisa ni yeye mwenyewe. Mama Boksi alikumbuka vizuri mno. Sufuria jikoni, yeye kamwinamia mama mkwe, anamtikisa bega. *Mama, chumvi iko wapi?* Na bibi akashtuka, ngumi imekunjwa, akamtazama kama asiyemjua. Simu ya habari mbaya ilifuata kabla chakula hakijaiva.

Au ni uongo? Je, mzee amelitunga hili, akijua mahali pa kuchomeka kisu? Alimchunguza usoni. Huzuni ilikuwepo. Na nyuma ya huzuni kulikuwa na kitu kingine, kimekaa kimetulia, kinasubiri.

"Nimepokea," Mama Boksi akasema. "Umesikia, mama? Nimepokea. Usinishikie tena."

Mama mkwe akafungua kiganja, kidole kimoja kimoja. Akashusha pumzi.

"Haya. Na mkono wako umekufa. Nani atashika?"

"Nitashika mwenyewe."

"Sawa, mwanangu," akasema bibi, akamnyanyua mjukuu wake kutoka mkekani. "Sawa."

Kesho yake kibano alikitupa chooni kabla hajaondoka. Akataka kumchukua mtoto ampeleke kwa jirani, jirani hayupo. Akamwachia wifi, akamwapisha asimtoe mikononi. Akaenda kazini, maana kazi haingoji.

Magharibi ilimkuta kwenye ile barabara iliyonyooka. Mkono umeshakufa ganzi mpaka kiwiko, lakini hakuuachia. Hakuita mtu. Hakufungua mdomo, hata kukohoa alikohoa kwa pua. Akapita mahali lilipokuwa lori. Vumbi tu.

Kisha akasikia joto.

Chini ya kiganja chake, pale dole gumba linapokutana na mpira. Lilikuwa dogo. Halikuenea mshikio mzima. Upana wake kama kifuniko cha chupa.

Hakukuwa na kafuri. Palikuwa na harufu ya maziwa.

Akazima injini, akaiacha pikipiki ijiendee yenyewe mpaka ikasimama. Akatoa simu kwa mkono wa kushoto.

"Wifi. Mama amelala?"

"Wala! Leo yuko macho makavu, anacheka peke yake. Anasema kila wa nyumbani ana zamu yake. Sijui zamu gani."

"Na mtoto?"

"Ninaye hapa mapajani. Kalala mapema leo. Ila wifi... mbona kakunja ngumi hivi? Namkunjua, hakunjuki. Ngoja nimwamshe..."

"Usimwamshe!"

Sauti yake ilikwenda vichakani ikarudi.

"Usimwamshe, wifi. Nakuomba. Usimguse. Mwache hivyo hivyo mpaka nifike."

Akaweka simu mfukoni. "Nimepokea," akauambia mshikio. "Nimepokea, mwanangu. Nimepokea." Lakini mtoto wa miezi minane, neno atalijulia wapi?

Akaanza kuisukuma pikipiki kwa miguu, injini baridi, boksi la damu likigongagonga nyuma. Nyumbani kulikuwa mbali. Kuiwasha hakuthubutu. Kuiacha barabarani, mtoto kashika, hakuthubutu pia.

Mshikio ukazunguka kidogo, ukarudi. Ukazunguka, ukarudi. Kama mtu aliyegundua kitu kipya, anakifurahia.

Mama Boksi akaufunika kwa mikono yake miwili, akainamisha kichwa, na akaanza kubembeleza, taratibu, akienda:

"Achia, mwanangu... achia, mpenzi wangu... lala... achia..."

Gizani, chini ya viganja vyake, kile kijoto kikakaza.