Mstari Usio na Jina

Kadi ilikuwa ya moto. Mama Faili aliipokea kwenye meza ya usajili, akaigeuza huku na huku, asione jina wala kazi. Kadi nyeupe tupu, ina joto kama paji la uso la mtoto mwenye homa.

"Samahani, mwanangu, hii si yangu."

Dada wa mapokezi aliitazama, akakunja uso. "Yako hii hapa, mama. Hiyo sijaichapisha mimi."

Mama Faili aliiacha mezani, akaingia ukumbini. Jina hilo alilipata hospitalini, enzi zile kumbukumbu za wagonjwa zilipokuwa mafaili ya karatasi na chakula cha mchwa. Kompyuta zilipoletwa, vijana walidhani atafungasha virago. Yeye akajifunza kanzidata, akaijua nje ndani, mpaka vijana wale wale wakawa wanakuja kumwuliza. Ndiyo maana leo alialikwa kwenye kongamano hili la wataalamu, aeleze alivyohamisha majina laki mbili kutoka kwenye karatasi bila kupoteza hata moja. Zamu yake ilikuwa saa nane mchana. Lakini nusu ya moyo wake ilibaki wodini, kwa mjukuu wake wa kwanza, binti aliyezaliwa kabla ya siku zake, siku ya nne sasa, na wazazi wake walikuwa bado wanavutana juu ya jina.

Aliketi nyuma. Mtoa mada alikuwa mgeni wa lugha nyingine, kwa hiyo akavaa kisikilizio kilichokuwa mezani apate tafsiri. Sauti ya mwanamke, tulivu, ilieleza namna ya kugawa data kwenye seva nyingi. Kisha, bila kupanda wala kushuka, ikasema:

"Wa kwenu hana jina. Nafasi yake iko wazi. Niandike mimi."

Harufu ya nywele zilizoungua ikampanda puani. Alitazama kulia na kushoto. Hakuna mwingine aliyevaa kisikilizio. Akainuka taratibu, akaenda hadi kwenye kibanda cha vioo cha mkalimani. Ndani kiti kilikuwa kitupu. Fundi mitambo wa ukumbi alikuwa amechuchumaa kando, anakunja nyaya.

"Mkalimani yuko wapi, kaka?"

"Hajafika leo. Visikilizio nimevizima tangu asubuhi." Fundi alimwangalia usoni, nyaya zikamtoka mkononi. Akashusha sauti. "Umemsikia, eh?"

"Ni nani?"

"Tunajua yuko, basi. Mwaka juzi alimsumbua profesa mmoja ambaye mkewe alikuwa ametoka kujifungua. Profesa akaandika alichoambiwa, ili apate amani. Mtoto yupo, anakula, anatembea. Ila mama yake anaapa kuwa yule si wake." Akamwonyesha mlango. "Sema unaumwa, dada. Nenda nyumbani."

Mama mzazi wa Mama Faili alikuwa mganga wa kutoa majini, naye alizoea kusema kwamba jini havunji mlango, hungoja ulioachwa wazi.

"Nikienda nyumbani, mlango utakuwa umefungwa?"

Fundi akainama kuokota nyaya zake.

"Basi napanda jukwaani. Nimeshazika watu, kaka. Sitaogopeshwa na asiye hata na kiwiliwili."

Saa nane alipanda. Akafungua jedwali la majaribio kwenye skrini kubwa, wagonjwa arobaini wa kubuni, aliowatunga kwa mkono wake. Akateremka hadi mwisho. Chini ya yule wa arobaini palikuwa na wa arobaini na moja: jinsia ya kike, umri siku nne, kitanda cha tisa, mama ni binti yake yeye, jina hakuna. Na kabla hajagusa kitu, taa zikafifia, harufu ya nywele ikajaa ukumbi mzima hata watu wa mbele wakaziba pua, na vitufe vya kompyuta yake vikaanza kubonyea vyenyewe, kimoja baada ya kingine, polepole kama mtu anayejifunza kuandika, na katika ile nafasi tupu herufi zikaanza kujipanga, akazifuta, zikarudi, akazifuta tena, zikarudi kwa kasi zaidi, na spika zote za ukumbi zikawa zinahema, pumzi fupi fupi, nyembamba, pumzi ya mtoto anayetafuta hewa.

Kidole kimoja aliking'ang'aniza kwenye kitufe cha kufutia. Kwa mkono wa pili akapiga simu.

"Mama, siwezi kuongea," binti yake alinong'ona. "Mtoto ameacha kupumua, nesi anahangaika naye—"

"Mpe jina."

"Nini?"

"Ugomvi wenu mtaumaliza baadaye. Wewe ndiye mama yake. Mwite jina lake sasa, kwa sauti."

Kisha binti akalitaja, kwa sauti iliyokatika katikati, akalirudia tena akiwa imara. Mama Faili akaliandika herufi kwa herufi, ingawa vitufe vilimchoma vidole, akabonyeza kuhifadhi.

Spika zikapiga ukelele mmoja, zikazimika. Ndani ya simu, mtoto akalia.

Harufu haikuondoka, ilikuwa imeshuka jukwaani, inazunguka kati ya viti, inanusa. "Wako wengine," ile sauti ikasema, bila spika, na safari hii ukumbi wote uliisikia.

"Najua," alisema Mama Faili. Akawageukia watu. "Mwenye mtoto nyumbani ambaye hajapewa jina, asimame, apige simu. Sasa hivi."

Mtu mmoja akasimama. Kisha mama mmoja. Kisha yule mtoa mada mgeni, baada ya jirani yake kumtafsiria, uso umemsawijika. Wakawa saba, kila mmoja na simu sikioni, na kila jina lilipotajwa harufu ikaruka safu nyingine, haraka haraka, kama mtu aliyenyimwa kiti kila anapokwenda, hadi mlango wa nyuma ukafunguka wenyewe, ukajibamiza ukutani.

Fundi alikwenda kuufunga, akatia na komeo.

Mama Faili akapuliza vidole vyake vilivyobabuka, akasogeza kipaza sauti.

"Sasa," alisema, "nilikuwa nawaeleza jinsi ya kutopoteza jina hata moja."