Fundi wa Kitu cha Bure

Foleni ya wanafunzi ilikuwa imetoka nje ya mlango wa maktaba, mfumo wa kompyuta umelala, na kila mtu ana la kusema. Fundi aliingia shati limemganda mgongoni, akapenya katikati ya miguno mpaka kaunta. Mkutubi aliyekuwa hapo alivaa gauni la manjano, penseli kaichomeka kwenye nywele, na uso wa mtu asiyetaka salamu.

"Wewe ndiye wa kampuni?"

"Ndiye mimi, dada."

"Hebu nieleze. Programu hii ni huria, yeyote anaichukua bure. Sasa nyinyi mnalipwa kwa lipi?"

"Programu ni bure," fundi alisema, akivuta kiti. "Mimi ndiye ghali."

Mkutubi alijaribu kununa, ikashindikana, akacheka mpaka penseli ikadondoka. Fundi akaiokota. Jamani, wanaume wengine hukamatwa kwa kidogo hivyo. Kabla mfumo haujaamka, yeye alikuwa amekwisha.

Mapenzi yao yakawa ya simu. Kila jioni fundi hujilaza chali, simu sikioni, anatabasamu peke yake.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Niambie, ukitaka kuweka toleo jipya, kwa nini unaanza na bekapu?"

"Wewe nawe. Nakuuliza mambo ya moyo, unanipeleka kwenye seva."

"Si ndiko ulikouacha huo moyo? Fundisha, mwalimu wangu."

Akafundisha. Kampuni yake haikuwa na kingine cha kuuza. Programu haikuwa yao, ilikuwa ya kila mtu; walichouza ni kujua kuitengeneza inapogoma. Na hicho ndicho fundi alichokuwa akikimwaga kwa kubembelezwa. Akiitwa mwalimu, kichwa kinavimba, anaongeza hata ambalo hakuulizwa. Mama yake alipotaka kujua mkwe anakuja lini, alimjibu, "Karibuni tu, mama. Hakuna anayenisikiliza kama yeye." Hapo hakudanganya.

Siku ya kuongeza mkataba alikwenda maktaba na bosi wake, pete mfukoni. Alipanga wakishatia saini amvute mkutubi pembeni, amalizie na lake. Mkuu wa maktaba akakohoa.

"Mkataba hatuongezi. Tumepata mtu wetu wa ndani."

Akasimama mkutubi, kavaa suti ya bluu iliyomkaa sawasawa. Akaeleza atakavyoutunza mfumo hatua kwa hatua, kwa maneno yaleyale ya fundi, mpaka na ule mzaha wake kwamba seva ikiamshwa vibaya hununa kutwa. Meza nzima ikacheka. Bosi hakucheka. Aligeuka akamtazama fundi taratibu, na kufikia jioni unga wa fundi ulikuwa umemwagika.

Alimpigia mkutubi simu. "Umenimaliza."

"Nimekuibia nini? Niliuliza, ukajibu."

"Nilijibu kwa sababu nakupenda."

"Najua. Na mimi niliuliza kwa sababu nilitaka kujua. Raha niliiona, sikatai. Lakini usiniletee machozi, kesho nina kazi."

Akakata simu. Fundi alihangaika kutafuta ajira, lakini kampuni zote zilishasikia habari zake, na nani aajiri mtu asiyejua kufunga mdomo? Mkutubi naye akaacha maktaba, akafungua kampuni yake mwenyewe, akawachukua wateja wa yule bosi mmoja baada ya mwingine. Kisha siku moja akapiga simu.

"Fundi wangu, hujambo? Njoo ofisini. Nimekukumbuka."

Mwenye akili angeuliza amekumbukwa kwa lipi. Huyu wetu alinyoa ndevu, akapiga shati pasi, akaichukua pete, akampigia mama yake. "Leo nakuletea jibu."

Mkutubi alimpokea kwa kumkumbatia, manukato yake matamu, gauni la manjano lilelile.

"Umekonda, mpenzi."

Neno hilo moja likamtoa akili. Hata kukaa hakukaa, pete ikawa mezani. Mkutubi aliitazama, kisha akaisukuma kwa kidole kimoja mpaka ikarudi upande wa mwenyewe.

"Nimekuitia kazi. Maktaba zimekuwa nyingi, zinanishinda."

"Na sisi?"

"Sisi wapi tena, fundi? Ulisema wewe ndiye ghali. Siku hizi bei yako naiweza."

Alisema bila hasira, ndiyo maana iliuma. Fundi alipaswa kuondoka saa ileile. Lakini alimpenda, alitaka kumwona kila siku hata kwa mshahara, na mkutubi alilijua hilo kabla hajapiga simu.

Mlango ukafunguliwa, akaingia mwanamume nadhifu, mcheshi, akamwekea mkutubi mkono begani.

"Huyu ni mchumba wangu," mkutubi alisema. "Nataka aijue kazi yote. Mfundishe kama ulivyonifundisha mimi, usimfiche kitu."

Akishajua yote, fundi atakuwa wa nini tena? Fundi mwenyewe alijiuliza hivyo. Akairudisha pete mfukoni, akavuta kiti, akawasha kompyuta. Simu ya mama yake ikaita, akaizima. Mchumba akasogea karibu, ananukia manukato yaleyale ya mkutubi.

"Kaka, hivi kweli programu hii ni bure?"

"Ni bure," fundi alijibu, akaishia hapo.