Kulabu ya Matundu Manne

Nyumbani kwa Simioni na Agustina, pale Machochwe, wageni hawakauki. Huyu amekuja kuomba moto, yule ameleta habari, na wote wanaondoka wameshiba ugali wa mtama. Mwaka ule habari ilikuwa moja tu: tela.

Simioni alikuwa na tela zuri la magurudumu mawili, lakini gari hakuwa nalo. Majirani wawili walikuwa na pikapu: Mniko, mfanyabiashara wa ng'ombe, na Nyangwine, mwenye duka. Aliyekuwa na safari ya Tarime ndiye aliyelivuta.

Shida ilikuwa hapo. Pikapu ya Mniko ilikuwa juu, ya Nyangwine ilikuwa chini. Kwa Mniko, pua ya tela ilitazama mbinguni. Kwa Nyangwine, ilinusa vumbi. Siku moja, kwenye mteremko wa kisimani, tela likachomoka kwa Mniko. Likakimbia peke yake! Jirani Christina, aliyekuwa akiteka maji, aliacha ndoo akaruka kama mbuzi. Ndoo ikawa bapa kama sinia.

"Likipita tena hapa," wanawake walisema, "tutalipasua kuni!"

Na Agustina alikuwa na magunia kumi na sita ya mahindi uani, ya kupeleka sokoni Tarime. Mvua zilikuwa karibu. Bila tela, yangeoza.

Basi mume na mke wakapanda pikapu ya Mniko hadi Bomani, mjini Tarime, kwa mzee Nikolaus, fundi wa vyuma. Huyo mzee, jamani! Akigonga chuma, chuma kinaitikia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mmeleta nini?"

"Nataka kulabu ya kuvutia tela kwa pikapu mbili, hii iliyo juu na ya Nyangwine iliyo chini," alisema Simioni. "Nzito kuliko zote. Nene kama shingo ya fahali."

Mniko akacheka. "Wewe mura, unachagua chuma au unachagua fahali? Umeanza na shingo!"

Fundi aliinama nyuma ya pikapu. Akatikisa kichwa. "Wewe unayecheka, ndiye uliyefunga tela kwenye bampa? Bampa ni urembo. Kulabu hukazwa kwenye chesisi, uti wa mgongo wa gari."

Mniko naye akainama kutazama.

"Na tela lazima likae sawa, kama meza," fundi aliendelea. "Pua ikiwa juu au chini, tela linayumba. Magari yenu hayalingani."

"Kwa hiyo ninunue kulabu mbili?" Simioni aliuliza kwa unyonge.

Agustina akamgeukia mumewe. "Baba Gati, ukilima kwa ng'ombe wafupi, plau unaifungaje?"

"Nahamisha mnyororo. Naweka tundu jingine."

"Plau unabadilisha?"

"Plau ni ile ile."

Mzee Nikolaus aliweka nyundo chini. "Mama, miaka ishirini nafua chuma, na leo umenifundisha wewe!"

Akatengeneza vibao viwili vya chuma, kila kimoja na matundu manne. Kimoja alikikaza kwenye chesisi ya Mniko. Cha pili alikikaza kwa Nyangwine siku iliyofuata. Kulabu ilikuwa moja, nzito, ya kuhamishwa juu au chini kwa bolti mbili. Akaongeza pini ya kufunga, na mnyororo wa kushika tela kulabu ikikatika.

"Nisikilizeni," alisema. "Kulabu nzito haimpi punda nguvu za ng'ombe. Pikapu dhaifu ndiyo inayopanga mzigo. Ya Nyangwine inaweza magunia manane. Basi pakieni manane, hata akivuta Mniko."

Siku ya safari walipakia manane. Pikapu ya Mniko ikagoma kuwaka! Wingu jeusi lilikuwa limeshasimama. Nyangwine akaitwa mbio. Agustina mwenyewe akashika spana, akatoa kulabu, akaikaza kwa Nyangwine, tundu la juu. Akatia pini, akafunga mnyororo. Tela likakaa sawa kama meza.

Wakafika kwenye mteremko. Kisimani wanawake walisimama, ndoo mikononi. Christina peke yake alibaki amekaa juu ya ndoo yake mpya, miguu ameinyoosha. Tela likapita polepole, kimya.

"Christina, leo hukimbii?" Simioni alipaza sauti.

"Nikimbie nini?" Christina alijibu. "Lile la kukimbiwa lilikuwa tela la Simioni. Hili ni la Agustina!"

Simioni akacheka hadi Bomani. Wakarudi kuchukua manane yaliyobaki, na mvua ilipoanza, uani hapakuwa na gunia hata moja.