Ukurasa wa Jumatatu

Siku za gulio Rogathe na mama yake waliamka alfajiri kijijini Suji, wakateremka na ndizi zao mpaka mjini Same. Njiani walizungumza habari za shamba na za shule. Alhamisi hii walizungumza jambo moja tu, nalo ni Koleta.

Koleta, dada yake Rogathe, alikuwa akisubiri kwa mwaka wa pili kuitwa chuo cha uuguzi. Majina yangetolewa kwenye intaneti, na atakayechelewa kuripoti angepoteza nafasi. Suji wakati huo hata simu hazikushika. Jumatatu Rogathe na Koleta walikwenda kwenye duka la intaneti la Dada Rabia, karibu na stendi. Ukurasa wa chuo ulisema, “Majina bado.” Leo Koleta alibaki kumuuguza bibi, Rogathe akatumwa peke yake.

“Shikamoo, dada.”

“Marahaba, Rogathe. Kaa pale pale pa Jumatatu. Utaweza kufungua mwenyewe?”

Duka lilijaa watu. Rogathe aliona haya, akaitikia kwa kichwa. “Naweza.”

Alibonyeza kama alivyoona Jumatatu. Ukurasa ulifunguka upesi: “Majina bado.” Alibaki akiutazama, asijue kama kuna kitu kingine cha kufanya.

“Kabinti, unailinda hiyo kompyuta isitoroke?” alitania Amiri, fundi baiskeli aliyekuwa akisoma habari za mpira kwenye kompyuta ya jirani. Watu walicheka. Rogathe aliinuka, akatoka bila kuaga.

Sokoni mama alimuuliza, “Vipi?”

“Bado.”

“Rabia naye amesemaje?”

Rogathe aliinamisha kichwa. “Sikumuuliza. Nilimwambia naweza, mama, lakini sikuwa na uhakika.”

Mama aliweka chini mkungu wa ndizi. “Basi rudi ukamwambie hivyo hivyo ulivyoniambia mimi. Ndizi nitauza mwenyewe.”

Rogathe alirudi dukani. Alisimama kando ya Dada Rabia, akasema kwa sauti ndogo, “Dada, nilikudanganya. Sijui kama nimefungua sawasawa.”

Dada Rabia hakukasirika. Alivuta kiti. “Hebu nionyeshe. Umeona? Hapa chini pana tarehe. Ni ya lini?”

“Ya Jumatatu!”

“Ndiyo. Hii programu tunayofungulia kurasa inaitwa kivinjari. Ukiandika anwani ya chuo, kivinjari kinatuma ombi kwenye kompyuta ya chuo iliyo mbali. Ile inajibu, nacho kinaupanga ukurasa hapa uusome. Sasa, laini yetu ya simu ni ya polepole, kwa hiyo kivinjari kinajiwekea nakala. Ukirudi, kinakupa ile nakala badala ya kwenda tena mbali.”

Rogathe alifikiri kidogo. Kule Suji maji ya kijito yalikusanywa usiku kwenye ndiva, bwawa dogo la kumwagilia, na asubuhi watu wakafungulia mashambani.

“Ni kama ndiva,” alisema. “Nilichota maji yaliyokusanywa Jumatatu. Ya leo bado yako kijitoni.”

Dada Rabia alimtazama kwa furaha. “Ningelijua hilo ningekuwa nawafundisha wote hivyo! Haya, bonyeza hapa, penye mshale wa mviringo. Kitakwenda kijitoni.”

Walisubiri. Ukurasa ulishuka mstari kwa mstari. Majina! La kumi na tisa lilikuwa la Koleta. Aripoti Jumatatu ijayo.

“Yupo! Dada Koleta yupo!” Rogathe alipiga kelele, akasahau haya zote.

“Ngoja kwanza,” alisema Amiri akikuna kichwa. “Kwa hiyo na haya matokeo ya mpira ninayojivunia tangu asubuhi ni ya juzi?” Safari hii Rogathe alicheka pamoja na wote.

Jioni, kabla ya kupanda mlima, mama alimpelekea Dada Rabia chane ya ndizi mbivu. “Asante sana, mwanangu. Umetuokolea mtoto.”

“Nashukuru, mama, ila mshukuru na huyu,” alisema Dada Rabia, akimshika Rogathe bega. “Mimi nilipoanza kazi nilisema naweza kumbe siwezi, nikafuta barua ya mtu. Rogathe, ukikwama sema umekwama, hata wakicheka. Leo umesema mapema, ndiyo maana dada yako bado ana nafasi yake.”

Rogathe aliikunja karatasi aliyochapiwa dukani, yenye jina la Koleta, akaishika mkononi njia nzima mpaka Suji.