Majibu ya Fundi Simu

Mchana ule, kwenye ujia wa maduka ya simu, spika zilikuwa zinashindana kwa kelele. Fundi simu akainua macho, akamwona mwanamke mwenye kilemba cha zambarau amebana sikioni simu iliyopasuka kioo, midomo ikimchezacheza.

"Unaongea na nani, dada? Mbona simu yenyewe mahututi?"

"Siongei. Nasikiliza somo la figo. Nibadilishie kioo, ila usinizimie mwalimu."

"Mtu mzima na somo la figo?"

"Kwani watu wazima hawana figo?"

Fundi akacheka, na hapo akawa amekwisha kumpenda.

Mwanamke yule alikuwa msusi. Aliacha shule akiwa binti mdogo ili alee wadogo zake, na sasa alisoma sekondari mtandaoni, maana chuo cha uuguzi hakikutaka hata kumsikiliza bila cheti. Kila asubuhi, kabla ya kufungua saluni, alisikiliza somo, akazima simu, akaandika alichoelewa kwa maneno yake. Mchana fundi alimletea chakula na kumuuliza maswali.

"Kula kwanza, nesi wangu."

"Uliza kwanza, mpenzi. Nikishiba nasahau."

Akikosea, alirudia mwenyewe mpaka apate. Fundi alipenda kumtazama akihangaika hivyo, paji la uso limejikunja.

Kisha ukaja msimu wa harusi. Wateja wakajaa saluni, msusi akawa anasinzia na kitana mkononi. Asubuhi zake za kusoma zikaliwa na usingizi. Majaribio aliyajaza jioni, macho mazito, na majibu yaliweza kubadilishwa hadi saa sita usiku. Fundi aliijua nywila yake tangu alipotengeneza simu ile. Akaingia kwenye ukurasa wake wa masomo kwa simu yake mwenyewe, akasahihisha majibu mawili matatu. Wiki iliyofuata akasahihisha karibu yote.

"Nimepata tisini," msusi alimpigia simu, sauti inacheka. "Na nilikuwa nasinzia. Kumbe nilikuwa najitesa bure kurudiarudia."

"Si nilikwambia una akili?" fundi akajibu, na moyo ukamsuta kidogo tu.

Kabla ya mtihani wa mwisho, mwalimu aliwahoji wanafunzi kwa video, mmoja mmoja. Msusi alivaa blauzi ya bluu iliyopigwa pasi ikanyooka, akamkalisha fundi pembeni ampe moyo. Mwalimu akamwomba aeleze figo inavyochuja damu. Akaanza vizuri, akababaika.

"Lakini hapa uliandika vizuri sana," mwalimu akasema, akamsomea.

"Hayo si yangu. Mimi niliandika vingine."

Akageuka polepole. Fundi alikuwa anaangalia viatu vyake.

Jina la msusi likafutwa kwenye mtihani wa mwaka ule kwa udanganyifu. Fundi alipiga simu hadi akachoka, haikupokelewa. Mwishowe akamfuata saluni asubuhi, kabla ya wateja, amevaa shati lake la maana.

"Ulikuwa umechoka," alisema. "Nilikuonea huruma."

"Na mimi nilidhani unanipenda."

"Nakupenda. Nataka nikuoe. Mwakani utarudia, nitakuwa pembeni yako."

Msusi aliendelea kufagia nywele sakafuni. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Nilipopata tisini nilianza kujiona nina akili. Wewe ulijua ukweli, ukakaa ukiniangalia nikifurahi. Hilo ndilo linaloniuma, si mtihani."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Ila usinisubiri."

"Nitakusubiri."

"Najua. Ndiyo maana nakwambia mapema."

Akaweka ufagio, akakaa, akafungua somo la kwanza kabisa. Alisikiliza, akazima simu, akaanza kujieleza kwa sauti ya chini kana kwamba yuko peke yake. Fundi alibaki mlangoni. Katikati msusi alikosea neno, akasita, akalitafuta, akakosea tena. Fundi alilijua jibu. Likamjia hadi mdomoni, akalimeza, akaondoka zake.